Miji ya pwani ya Uingereza tunaijua kwa mikeka tu

Agosti 2025 Grimsby Town, timu ya daraja la nne, iliitoa Manchester United kwenye Kombe la Ligi kwa matuta, 12 kwa 11. Watani wa Man U walitamba mitandaoni hadi asubuhi, na katikati ya kejeli zile kuna watu waliuliza swali la maana: hiyo Grimsby yenyewe iko wapi?

Jiografia ya Uingereza wengi wetu tumeisomea kibanda umiza. Brighton ni timu inayochana mikeka, Bournemouth ni ya kuwekea "GG" (timu zote mbili zifunge), Southampton ni ile aliyochezea Wanyama. Sioni ubaya, mpira ni mlango mzuri tu. Ninacholalamikia ni kuishia mlangoni, kwa sababu timu nyingi za pwani ya kule zimebeba alama za kazi iliyokuwa ikiulisha mji kabla mpira haujawa biashara ya mabilioni.

Chukua hiyo hiyo Grimsby. Mashabiki wake huenda uwanjani na samaki wa plastiki wa kupuliza, wamempa jina la Harry. Si kichekesho tu. Mji ule uliishi kwa samaki, na meli zake zilikwenda mbali kaskazini, hadi maji ya Iceland, kutafuta yule mweupe anayeliwa na chipsi. Iceland ikaanza kusogeza mpaka wake wa uvuvi: maili 12 mwaka 1958, maili 50 mwaka 1972, maili 200 mwaka 1975. Uingereza ikapeleka manowari kulinda wavuvi wake. Iceland haina jeshi, ila boti zake za walinzi wa pwani zilikuwa zikiburuta chombo cha chuma chenye makali, zinapita nyuma ya meli ya Mwingereza na kukata nyaya za nyavu. Wavu unabaki chini na samaki wake, meli inarudi kwao mikono mitupu. Mwaka 1976 Uingereza ikakubali yaishe. Yaani dola iliyolipiga mizinga kasri la Sultani pale Unguja mwaka 1896 na kumaliza vita chini ya saa moja, ilinyooshwa na kisu cha kukatia nyaya!

Meli za Grimsby zikaishia kuuzwa au kukatwa vyuma chakavu. Viwanda vya samaki vimebaki, na bado wapo wanaotundika samaki usiku kucha kwenye moshi wa unga wa mbao, moshi tu bila moto wa kuwaivisha. Ila sehemu kubwa ya samaki wanaochakatwa pale hutoka Iceland na Norway. Ndiyo, Iceland. (Halafu, kwa wapenda mabishano ya kijiweni: uwanja wa Grimsby Town hauko Grimsby, uko Cleethorpes, mji wa jirani.)

Sunderland nao ninawapa heshima yao. Ulikuwa mji wa kuunda meli na kuchimba makaa ya mawe. Karakana za mwisho za meli zilifungwa mwaka 1988, mgodi wa Wearmouth ukafuata mwaka 1993. Eneo la mgodi ule ndipo ulipojengwa uwanja wa Sunderland, Stadium of Light (Uwanja wa Nuru), uliofunguliwa mwaka 1997, na nje yake kuna mnara wa taa ya wachimbaji, ile waliyoshuka nayo chini ya ardhi. Wengi huku tunadhani jina la uwanja limeigwa kwa Benfica ya Ureno, ambayo uwanja wake nao huitwa hivyo. Kumbe babu wa shabiki aliyekaa jukwaani huenda alikuwa akifanya kazi chini kabisa ya kiti kile.

Brighton na Bournemouth hazinisisimui kihivyo. Brighton iko kama saa moja kwa treni kutoka London na hilo limeiokoa na mengi. Kitu kimoja tu naiachia: kasri lake lenye makuba ya Kihindi, alilojengewa George IV, liligeuzwa hospitali ya askari Wahindi waliojeruhiwa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Blackpool ndiyo inayovuruga picha yetu ya Ulaya. Ilicheza Ligi Kuu msimu mmoja, 2010/11, ikashuka. Zamani viwanda vya pamba vya Lancashire vilifunga wiki nzima kwa zamu, mji mmoja baada ya mwingine, na wafanyakazi na familia zao wakapanda treni kwenda Blackpool kuchezea mchanga na kuushangaa mnara wake wa mwaka 1894, ulioigwa wa Eiffel. Viwanda vikafa, ndege za bei nafuu zikawapeleka watu Hispania kwenye jua la uhakika. Nyumba za wageni zikakatwakatwa kuwa vyumba vya kupanga vya bei ya chini. Leo takwimu za serikali yao wenyewe huiweka Blackpool miongoni mwa sehemu maskini zaidi za Uingereza. Kijana anayedhani kila anayeishi kule ameukata angeanza safari yake huko.

Kuna Portsmouth pia. Walipobeba Kombe la FA mwaka 2008 kwa bao la Kanu, wengi tulishangilia kama letu. Wakati ule, katika mji ule ule wa manowari, alikuwa akiishi Jamshid bin Abdullah, Sultani wa mwisho wa Zanzibar, aliyepinduliwa Januari 1964. Alikaa pale zaidi ya miaka 50, hadi alipohamia Oman mwaka 2020, akafariki huko Desemba 2024. Masomo yetu ya historia yalimwachia melini, akiikimbia Unguja, na hayakumrudia tena. Kumbe mzee alikuwa Portsmouth, jirani wa mashabiki wa Pompey, kama timu ile inavyoitwa kwa utani.