Mwanafunzi wa biolojia apewe mshauri kabla ya kujisajili, si baada ya kufeli

Vyuo vikuu vya Uganda vinapofungua mwezi wa Agosti, kwenye madarasa ya biolojia huingia vijana wengi ambao hawakuiomba. Waliomba udaktari wa binadamu. Walipoukosa wakatazamia famasi, famasi nayo ikawapita, na huko chini kabisa kwenye fomu kulikuwa na shahada ya sayansi ya biolojia, ndiyo ikawapokea. Kubadili njia si kosa, na nimeona vijana wa namna hii wakiipenda fani kuliko walioichagua tangu mwanzo. Kinachoniuma ni kwamba wakishafika hakuna anayeketi nao akawaeleza shahada hii inadai nini, inafungua milango gani, na ipi haitaifungua kamwe.

Mimi nafanya kazi katika maabara ya kufundishia, hapa Kampala. Mhadhiri hutoa mhadhara akaondoka. Mimi hubaki na wanafunzi mchana kutwa, darubini kwa darubini. Ndiyo maana maswali yao mengi hunifikia mimi, hasa wale wanaotoka Tanzania na Kenya, ambao Kiswahili kinawapa wepesi wa kusema yaliyo moyoni.

Mmoja wao, kijana wa mwaka wa pili kutoka upande wa Bukoba, alibaki nyuma wenzake walipotoka. Akanisaidia kufuta vioo, kisha akasema, "Mwalimu, nikimaliza nataka maabara ya hospitali. Kule kwetu wanahitaji sana watu wa kupima damu."

Nikamuuliza nani alimwambia shahada hii itamfikisha huko.

"Hakuna, mwalimu. Niliona tu tunatumia darubini."

Nilimweleza ukweli wote, ingawa ulikuwa mchungu. Kazi ya kupima sampuli za wagonjwa ina shahada yake, ya teknolojia ya maabara za tiba, na ina baraza linalosajili wahitimu wa fani hiyo. Aliyesomea biolojia ya kawaida, hata awe na daraja la kwanza, hasajiliwi humo kwa cheti hicho. Kijana yule alikuwa amelipiwa ada ya mihula mitatu. Laiti mtu mzima mmoja angeketi naye nusu saa katika wiki yake ya kwanza, angehama mapema, au angebaki huku akijua analenga nini.

Na si yeye peke yake. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi milioni 4 za Uganda kwa mwezi, na tangu hapo nasikia wanafunzi wa biolojia wakisema, "Nikikosa kote nitaenda kufundisha." Kufundisha kuna mlango wake. Wanaosoma sayansi pamoja na ualimu hutoka wakiwa walimu, wakiwa na masomo mawili ya kufundishia na mazoezi ya darasani. Aliyesoma biolojia peke yake hana budi kurudi kusomea stashahada ya uzamili ya ualimu kwanza. Kuna muda wa ziada hapo na kuna ada ya ziada, na mzazi aliyeuza ng'ombe ili kulipa ada ya kwanza ana haki ya kuyajua haya mapema.

Kwenye suala la kuingia chuoni, tumejipanga vizuri kuliko tunavyojipanga baadaye. Sheria ni kupata ufaulu mkuu, yaani alama kati ya A na E, katika masomo angalau mawili ya mtihani wa kidato cha sita, yote katika kikao kimoja. Kisha huja hesabu ya uzito. Alama A ina pointi 6, B ina 5, C ina 4, hivyo hadi E yenye 2. Masomo ya msingi kwa kozi uliyoomba huzidishwa mara 3, yanayohusiana nayo mara 2. Mwenye A ya biolojia na C ya kemia, yote mawili yakihesabiwa kuwa ya msingi, ana 18 na 12 kabla ya mengine kuongezwa. Wasichana huongezewa pointi 1.5, utaratibu ulioanza mwaka 1990. Haya yote mwanafunzi wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) au BCM (biolojia, kemia na hisabati) anayajua kwa moyo, maana shuleni huyaimba kila siku. Siku anayopokea barua ya kukubaliwa, wimbo unakatika.

Kinachofuata ni kigumu zaidi na hakiimbwi popote. Kwenye mfumo wa krediti tunaoutumia, krediti moja ni saa 15 za masomo, lakini saa mbili za maabara huhesabiwa kama saa moja ya mhadhara. Kozi ya krediti 3 yenye saa 30 za mihadhara na saa 30 za maabara huandikwa kuwa ni saa 45, na mwanafunzi atakaa saa 60. Mwenye kozi tatu za namna hiyo hukaa saa 45 zaidi ya zilizoandikwa, ndani ya muhula mmoja. Wanaofanya kibarua mjini ili kujilipia chumba ndio huumia. Huchagua kozi za hiari kwa kutazama idadi ya krediti tu, kisha katikati ya muhula wanaanza kukosa maabara.

Na maabara haiigizwi. Zoezi la kawaida kabisa la mwaka wa kwanza ni kukata jani kwa wembe, limebanwa ndani ya kipande cha karoti, mpaka upate utepe mwembamba unaopitisha mwanga. Wa kwanza huwa mnene kama kadibodi. Unakata tena, unautupa, unakata tena. Mara moja unapata kipande unachokaribia kukipoteza majini kwa wepesi wake, unakitia rangi, unakiweka chini ya lenzi, na mirija ya maji inajitokeza kwa safu, myekundu na wazi. Aliyekosa mchana ule anaweza kunakili mchoro wa mwenzake akapata alama, ila mkono wake haujajifunza kitu, na mwaka wa tatu kwenye utafiti wake itaonekana.

Sasa hesabu ya wastani, ambayo ningeitundika kwenye mlango wa kila idara. Makerere na vyuo vingine vingi vya hapa hutumia CGPA, yaani wastani wa pointi za kozi zote, ya hadi 5.00. Daraja la kwanza huanzia 4.40, la pili la juu 3.60, la pili la chini 2.80. Alama 70 hadi 74 ni pointi 4.0, 60 hadi 64 ni 3.0, 50 hadi 54 ni 2.0. Pointi huzidishwa kwa krediti za kozi. Chukua mwanafunzi mwenye krediti 18 katika muhula. Kozi za krediti 14 amepata B zote, ambayo hapa chuoni ni alama 70 hadi 74, yaani pointi 56. Kozi iliyobaki ni kemia ya krediti 4, kaivuka kwa alama 52, pointi 8. Jumla 64, gawa kwa 18, unapata 3.56. Ameshuka chini ya daraja la pili la juu. Angepata 60 katika kemia ile ile, angekuwa na 3.78. Alama nane za somo moja, na ufadhili mwingi wa shahada ya uzamili, hata nafasi za kufundisha chuoni, huomba daraja la pili la juu kwenda juu.

Ndiyo maana nabishana na wanaowaambia wanafunzi kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira. Alama za mwaka wa kwanza huingia kwenye wastani kwa uzito ule ule wa mwaka wa tatu. Na katika mwaka huo huo wa kwanza ndipo kemia huwekwa, somo ambalo wengi walidhani wameliaga kidato cha sita. Wanasema, "Nimekuja kusoma wanyama." Wanyama wenyewe ni kemia. Bila kemia hakuna baiokemia, bila baiokemia jenetiki inageuka majina ya kukariri, na maikrobiolojia ya viwandani, ambako kazi zipo, inabaki kwa wengine.

Takwimu nazo ni vivyo hivyo, na hapa nasema kwa ukali kidogo: idara inayoiacha takwimu iwe kozi ya hiari kwa mwanafunzi wa biolojia inamwonea. Hii nchi ina maswali makubwa ya kibiolojia mlangoni. Sangara waliletwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, na samaki wadogo wa asili waliokuwa wa mamia ya aina wakapungua vibaya. Ukitaka kusema leo wamerudi kiasi gani, lazima uhesabu na ujue hesabu yako inaaminika kiasi gani. Mnyauko wa migomba uliingia Mukono mwaka 2001 ukasambaa. Huwezi kumshauri mkulima ang'oe shina moja au shamba zima kwa kukisia. Programu ya R ya kuchambua takwimu ni ya bure, inafanya kazi hata kwenye kompyuta ya zamani. Mwanafunzi aliyeanza kuigusa mwaka wa pili hafiki kwenye utafiti wake wa mwisho akitafuta mtu wa kumlipa amchambulie data, jambo ambalo sasa limekuwa biashara waziwazi kwenye vibanda vya kuchapisha karibu na vyuo.

Mafunzo ya vitendo nje ya chuo nayo huachwa mpaka dakika za mwisho. Tuna bahati ambayo wanafunzi wa nchi nyingi wangeilipia fedha nyingi. Kituo cha Makerere cha utafiti wa biolojia kipo Kanyawara, ndani ya msitu wa Kibale, na sokwe wa huko wamefuatiliwa na watafiti tangu mwaka 1987. Taasisi ya utafiti wa virusi ipo Entebbe tangu 1936. Msitu wa Zika, ambako virusi vyenye jina hilo vilitambuliwa mwaka 1947 kutoka kwa kima aliyewekwa msituni kwa ajili ya utafiti wa homa ya manjano, uko njiani ukienda Entebbe, unafika kwa teksi. Ruhija, kandokando ya msitu wa Bwindi, kuna taasisi ya uhifadhi wa misitu iliyo chini ya chuo kikuu cha Mbarara. Mwanafunzi anayeandika barua zake za maombi mapema, akiwa na kozi zinazolingana na kazi ya mahali hapo, hufikiriwa. Anayekuja kuomba barua ya idara wiki ambayo likizo imeanza huishia kupiga chapa kwenye ofisi ya mjomba wake, na ripoti yake hujaa maelezo ya historia ya ofisi hiyo.

Nataja kwa ufupi wanaovuka mipaka, kwa kuwa hunipigia simu kutoka Mutukula na Malaba. Mtanzania mwenye cheti cha kidato cha sita hasumbuki sana. Mkenya mwenye KCSE pekee, cheti cha kumaliza sekondari kwao, hana mtihani unaolingana na kidato cha sita cha Uganda, kwa hiyo asikubali neno la wakala. Cheti chake kilinganishwe kwanza UNEB, baraza la mitihani la Uganda, aulize Baraza la Taifa la Elimu ya Juu ni kozi gani ya maandalizi inayotambulika, ndipo atoe fedha.

Wenzangu wa idara huniambia washauri wapo, majina yao yamebandikwa. Ni kweli yamebandikwa. Lakini mhadhiri mmoja anapangiwa wanafunzi wengi mno, hana saa iliyotengwa kwa kazi hiyo, na haihesabiwi anapoomba kupandishwa cheo. Hivyo mwanafunzi humfuata mshauri wake akiwa tayari amefeli, anatafuta sahihi ya kurudia kozi. Ushauri umegeuka kitengo cha misiba.

Ninachodai hakihitaji jengo wala mfadhili. Saa za ushauri ziandikwe kwenye ratiba ya mhadhiri kama zinavyoandikwa saa za mihadhara, na zihesabiwe. Wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa uzamili wapewe makundi madogo ya wanafunzi wapya, chini ya mhadhiri, maana wao ndio wanajua kozi ipi ina maabara ndefu na ipi inafungua ipi. Kabla ya dirisha la kujisajili kufungwa, kila mwanafunzi ajaze ukurasa mmoja: kozi zake za lazima, za hiari alizochagua na sababu yake, saa zake halisi kwa wiki pamoja na maabara, kazi anayoilenga, na je, kazi hiyo inadai usajili wa baraza lolote. Mshauri asome, waongee, watie sahihi wote wawili. Nakala moja ikae kwa mkuu wa idara, na muhula wa pili asiandikishwe mtu ambaye ukurasa wake haujatazamwa upya pamoja na matokeo ya muhula wa kwanza.