Chuo kinaanzia kwenye bahasha ya vyeti

Nilipokuwa advansi, yaani kidato cha tano na sita, hapa Mbeya, tulikesha prepo na mablanketi mabegani. Mwalimu wa Kemia akikukuta umesinzia, topiki unaimalizia umesimama. Pasti pepa tulizisolvu hadi za miaka ambayo hatujazaliwa. Lakini kwa miaka yote miwili hakuna aliyetuuliza swali moja dogo: cheti chako cha kuzaliwa kiko wapi?

Changu kilikuwa Tukuyu, kwenye sanduku la mama, chini ya vitenge. Nilikitoa Julai, matokeo yameshatoka. Kinasoma Anyelwisye. Cha kidato cha nne kinasoma Anyelwise. Y moja tu, aliimeza aliyenijazia fomu za mtihani shule ya msingi, nami nikaenda nayo hivyohivyo miaka yote. Kuanzia hapo ni nauli ya Tukuyu na Mbeya, kiapo kwa wakili, mhuri, rudi tena kesho. Dirisha la mkopo liko wazi, siku zinakwisha.

Mimi naona maandalizi ya chuo yaanze kidato cha tano, tena yaanze na makaratasi. Walimu watanicheka, najua. Kinachobandikwa ubaoni ni ufaulu, hakuna anayebandika bahasha ya vyeti. Ila tazameni kalenda yenyewe. Mtihani wa taifa ni Mei. Ukiisha, vijana wanaitwa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwenye kambi za Mafinga na kwingineko. Matokeo yanatoka Julai, na maombi ya chuo na mkopo yanaangukia majira hayohayo. Kijana yuko kwata. Anayepanga foleni steshenari Mwanjelwa ni baba yake, ambaye hajui namba ya mtihani ya mwanawe wala nywila aliyoweka. Bodi ya mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Aliyefiwa na mzazi, na cha kifo pia. Bado mdhamini asaini, bado serikali ya mtaa, bado mhuri wa wakili au hakimu. Ukiwa na mwenyekiti wa kijiji anayelima mbali, hiyo sahihi peke yake ni safari. Kwa nini tusiyaanze mapema, likizo ya Desemba, mtu ametulia nyumbani?

Kuna na hili la kozi. Rafiki yangu wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, aliota uhandisi ujenzi pale MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha hapa Mbeya, tangu siku ya kwanza. Mwongozo wa udahili wa TCU, tume ya vyuo vikuu, hutoka kila mwaka na kutaja kila kozi inataka masomo gani, hakuwahi kuufungua. Uhandisi ule unataka Fizikia na Hisabati ya advansi. Yeye alikuwa na BAM, ile hisabati ya ziada, ambayo haihesabiwi kama somo la tahasusi, yaani moja ya yale matatu makuu. Na alifaulu vizuri mno, ndiyo maana iliuma.

Mdogo wangu yuko kidato cha tano Iringa. Desemba alipokuja nilimketisha mezani, nikamwambia atoe vyeti vyote tulinganishe herufi kwa herufi. Akapiga miayo.

“Kaka, si nimekuja kupumzika?”

Tukaendelea. Jina lake, sawa. La baba, sawa. La babu, cheti kimoja kina R, kingine kina L. Miayo ikakoma.