Treni Tisa Zilizohamia Kusini

Abiria wazoefu wa treni za mikoani kaskazini mwa Uingereza wana tabia moja. Treni ikichomoza kwenye kona, macho yote yanahesabu mabehewa. Wiki iliyopita tulitarajia manne, yakaja mawili. Mama mmoja akakunja kigari cha mtoto, akamweka mwanawe juu ya sanduku la mtu asiyemjua, sisi wengine tukashonana mlangoni hadi vioo vikatoa jasho. Kondakta akatangaza kwa sauti ya mtu aliyechoka kuomba radhi kwa kosa lisilo lake: kuna uhaba wa treni.

Uhaba! Mtu akisikia hivyo atadhani treni zimekufa. Mara nyingi ziko hai kabisa, ila zimekwenda kwa jirani.

Serikali ilipobinafsisha reli miaka ya 1990, haikuuza treni kwa kampuni zinazoziendesha. Iliziweka mikononi mwa kampuni tatu za kukodisha: Angel, Eversholt na Porterbrook. Kampuni yenye jina lake ubavuni mwa behewa ni mpangaji tu. Mkataba wa mpangaji ukielekea ukingoni naye hana uhakika wa kesho, mwenye mali ana haki ya kutafuta mwingine. Ndivyo ilivyotokea mwaka 2014. TransPennine Express, inayohudumia kaskazini, ilikuwa na treni tisa za dizeli aina ya 170, kila moja ya mabehewa mawili. Porterbrook ikaafikiana na Chiltern, inayotoka London Marylebone, ambayo ilizihitaji kwa ajili ya njia mpya ya kwenda Oxford. Wabunge wa kaskazini wakapiga kelele, lakini kufikia 2016 zote tisa zilikuwa zimeshahama.

Sitawalaumu Chiltern. Walikuwa na mkataba mrefu, walipanga mapema, na waliona treni nzuri inakaribia kuwa huru. Ningekuwa mimi ningefanya vilevile. Wala Porterbrook hawakuiba kitu. Kinachoniudhi ni kwamba wizara ya uchukuzi ndiyo iliyokuwa na kalenda zote mezani, ikijua mkataba upi unaisha lini, na bado ikashtuka kama mgeni.

Mabehewa kumi na manane si mengi. Lakini kwenye reli isiyo na akiba, hata manane tu yanaumiza. Na akiba haipo kwa sababu za zamani. Wakati wa ubinafsishaji uagizaji wa treni mpya ulisimama kabisa kwa takriban miaka mitatu, na kiwanda cha mabehewa cha York kikafungwa mwaka 1996. Baadaye serikali ikajiaminisha kwamba treni za dizeli hazina haja ya kuagizwa, kwa kuwa nyaya za umeme zinakuja.

Hapo ndipo ulipo mnyororo. Treni mpya zikifika Thameslink, njia inayokatiza katikati ya London, za umeme za zamani za aina ya 319 zinaachiwa kwenda kaskazini. Zikianza kazi kaskazini, za dizeli zinaachiwa kwenda kwenye njia zisizo na nyaya. Kwenye karatasi unapendeza. Lakini nyaya za njia ya Manchester hadi Preston kupitia Bolton, zilizoahidiwa mwishoni mwa 2016, zilianza kuvuta abiria Februari 2019. Kwa miaka miwili ile treni za dizeli zilizotakiwa kwingine zilikwama palepale, na wa mwisho kwenye mnyororo akaendelea kupanda Pacer.

Asiyewahi kupanda Pacer ana bahati. Ilitengenezwa miaka ya 1980 kwa kutumia sehemu za basi la Leyland, na kila behewa lilikuwa na ekseli mbili tu, kama mkokoteni wa mizigo. Kwenye kona kali ililia mlio wa chuma unaopenya kwenye meno. Kwenye maungio ya reli ilirukaruka, na kahawa ukiinunua ujue unainunulia suruali yako. Zilipaswa kuondoka mwishoni mwa 2019, sheria ya kuwawezesha watu wenye ulemavu kusafiri ilipoanza kubana, lakini zilipewa muda wa ziada kwa sababu mbadala ulichelewa. Huko Wales zilidumu hadi 2021.

Kuna wanaosema dawa ni rahisi: treni zinazolala bure zihamishiwe zinakohitajika. Natamani ingekuwa hivyo. Dereva hawezi kukabidhiwa treni ngeni leo akaiendesha kesho. Anafunzwa, na anapofunzwa hayuko kazini, hivyo safari nyingine inafutwa. Karakana inahitaji vipuri na mafundi wanaoijua. Jukwaa lisiwe fupi. Kiungio cha treni ya aina hii kisigome kushikana na cha aina ile. Treni za aina ya 175 zilipoacha kazi Wales mwaka 2023 zilikuwa na miaka ishirini na kitu tu, umri mdogo kwa treni. Ziliegeshwa miezi mingi kabla ya Great Western, kampuni ya treni za magharibi mwa Uingereza, kusema itazichukua, na hata baada ya hapo hazikuingia kazini siku ya pili.

Kisha kuna kichekesho ambacho hakinichekeshi. TransPennine ilipata mabehewa mapya kabisa yaliyoanza kubeba abiria mwaka 2019, seti kumi na tatu za kuvutwa na kichwa. Mafunzo ya madereva yakarundikana, ratiba ikayumba, na Desemba 2023 yakaondolewa. Miaka minne tu! Nadhani unajua nani ametangazwa kuyachukua. Chiltern, tena. Safari hii hakuna aliyenyang'anywa, kaskazini iliyaachia yenyewe, na Chiltern ilikuwa ikiendesha mabehewa ya enzi za British Rail, shirika la reli la serikali kabla ya ubinafsishaji. Lakini muulize abiria aliyesimama kutoka Leeds hadi Manchester kama anaona tofauti.

Sasa kampuni za uendeshaji zinarudi serikalini moja baada ya nyingine. Northern, ya treni za mikoani kaskazini, ilirudi 2020, TransPennine 2023, na tangu sheria ya mwaka 2024 nyingine zinafuata mikataba yao inapoisha. Naunga mkono. Ila treni zenyewe zinabaki kwa wakodishaji, na sioni ajabu serikali ikijikuta inapandiana bei yenyewe kwa yenyewe, mkono wa kaskazini ukigombea behewa moja na mkono wa kusini.

Kununua treni zote za zamani sidhani kama ni busara, pesa hizo ni afadhali ziende kwenye mpya. Mimi ningeanza na kifungu kimoja kwenye kila mkataba wa kukodisha: treni haiondoki kwenye njia yake hadi mbadala wake uwe umeshafika, madereva wake wamefunzwa, na umebeba abiria kwa mwezi mzima.