Hadithi ya kijana wa Newala haisomeki bila mjomba wake

Kuna wataalamu wa saikolojia ambao wangependa kipimo cha hadithi za picha kitupwe kabisa. Wanasema mtu anaonyeshwa picha, anasimulia, kisha msikilizaji anatia maana aliyokuja nayo kichwani. Katika lawama hiyo mna ukweli ambao sitaupinga. Lakini kipimo hiki kina jambo la kutufaa sisi wa Mtwara na Lindi, na wanaokikataa hawajalipa uzito.

Kipimo chenyewe, kinachoitwa TAT (kifupi cha Kiingereza, Thematic Apperception Test), kilibuniwa katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na Henry Murray na Christiana Morgan. Makala yao ya kwanza ilitoka mwaka 1935, na kadi zinazotumika mpaka leo zilichapishwa mwaka 1943. Ziko 31, moja ikiwa nyeupe tupu. Msimuliaji anaombwa aeleze nini kilitangulia, nini kinatokea, wahusika wanawaza na kuhisi nini, na mambo yaliishaje. Msomaji humfuata mhusika mkuu: anataka nini, na nini kinamsukuma au kumzuia. Mvutano wa ndani hujitokeza pale anapotaka mambo mawili yasiyoweza kwenda pamoja, au pale hadithi inapokatika ghafla bila sababu.

Udhaifu wake ni wa kweli. Wapimaji wengi waliacha njia ya Murray ya kuzipa hadithi alama wakabaki na hisia zao. Kila mmoja huchagua kadi zake, na wawili wakisoma hadithi moja wanaweza wasikubaliane. Wanasaikolojia Lilienfeld, Wood na Garb walipopitia tafiti mwaka 2000 walikuta alama nyingi za vipimo vya aina hii hazina ushahidi wa kutosha, ingawa hata wao walikiri kwamba baadhi ya njia za kupima hamu ya mafanikio kwa hadithi zina msingi. Kwa hiyo mtu asinyimwe kazi wala kuhukumiwa mahakamani kwa hadithi aliyosimulia juu ya picha.

Lipo hata hivyo tokeo moja ambalo pande zote mbili hulitumia. Mtu akijaza dodoso kuhusu hamu yake ya kufanikiwa, kisha akapimwa hamu hiyohiyo kwa hadithi, majibu mawili hayo karibu hayahusiani kabisa. Wapinzani husema: basi hadithi hazipimi kitu. Mwanasaikolojia David McClelland na wenzake, mwaka 1989, walilisoma vingine. Waliona dodoso linaonyesha jinsi mtu anavyojieleza na maamuzi anayoyafanya akijua, na hadithi zinaonyesha kile anachokifuata siku hadi siku pasipo kuambiwa. Kama ni hivyo, umbali kati ya majibu mawili si kosa la vipimo. Ndimo mgogoro wenyewe unamokaa: anayesema anataka kuondoka nyumbani, na wahusika wake wote wanarudi nyumbani.

Kwa kijana wa huku, umbali huo una uzito wa pekee. Tumelelewa kwamba mtoto hajibizani na mkubwa. Mwite kijana mwenye msongo, mkalishe mbele ya mtu mzima mwenye kalamu, muulize ana tatizo gani. Atasema hana. Mpe dodoso, atachagua majibu ya heshima. Hadithi humwondolea mzigo huo kwa sababu anayelia ndani yake si yeye. Na jamii zetu zinaijua njia hii tangu zamani: unyago na jando hufunza kwa nyimbo na mafumbo, na mchezaji wa midimu, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, nyuma ya kinyago chake hutenda yale ambayo uso wake usingethubutu. Ajabu ni kwamba tunapofungua chumba cha ushauri nasaha tunaanza na dodoso.

Hatari kubwa haiko kwenye hadithi, iko kwa anayeisoma. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa desturi huhesabu ukoo upande wa mama. Uislamu, Ukristo, shule na sheria vimebadili mengi, lakini katika nyumba nyingi mjomba bado ana sauti. Sasa tubuni mfano. Kijana wa Newala anapewa kadi ya msichana mwenye vitabu, nyuma yake mwanamume analima na mwanamke ameegemea mti. Anasimulia kwamba msichana anataka kwenda kusoma, baba anamruhusu, mjomba anakataa kwa sababu mikorosho haina wa kuipalilia, na mwishoni msichana anaugua. Msomaji aliyefunzwa kumtafuta baba katika kila hadithi ataandika kwamba baba ni mpole na hakuna ugomvi na mwenye mamlaka. Atakuwa ameupita mgogoro wote.

Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski alilisema hili katika miaka ya 1920, baada ya kuishi visiwa vya Trobriand, huko Papua New Guinea, ambako pia ukoo hufuata mama: uhasama ambao Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchambuzi wa nafsi, aliuona kati ya mwana na baba, kule aliukuta ukielekea kwa mjomba. Ernest Jones, mfuasi wa Freud, alimpinga akisema mjomba hubeba tu chuki iliyokuwa ya baba. Ubishi huo haukuisha, ila kwa msomaji wa hadithi za huku unatosha kumfanya aulize kwanza katika nyumba hii nani anaamua.

Kadi nazo zina kwao. Ya kwanza, ya mvulana anayeitazama fidla, ilichorwa kutokana na picha ya mpiga fidla mashuhuri Yehudi Menuhin akiwa mtoto. Ni watoto wangapi wa Tandahimba wamewahi kuona fidla? Wengine walishaliona tatizo hili kwao: Giuseppe Costantino na wenzake walitengeneza huko Marekani kadi za rangi zenye watoto wa Kilatino na weusi katika mitaa ya mjini, wakaziita TEMAS.

Ningependa nasi tuchore zetu: mtoto na babu chini ya mkorosho, mama na mwanawe ufukweni Mikindani dau likiondoka, msichana ametoka unyagoni na sare ya shule imetundikwa ukutani. Namna ya kuzisoma iandikwe na watu waliokulia katika koo hizi, wakae na wanaojua takwimu, na msimuliaji aulizwe mwenyewe hadithi yake inamhusu vipi kabla mtu yeyote hajampa alama.