Gari la Nyumbani ni Lipi Hasa?

Kinachonikera si uamuzi wa kununua gari la kigeni, bali ni kuitwa msaliti kwa sababu hiyo. Ukitamka tu kwamba unafikiria la nje, watu wanakujia juu kana kwamba umeuza nchi nzima! Uchungu wenyewe ninao, kwa kuwa natamani fedha yangu ibaki nyumbani na viwanda vyetu vistawi. Lakini je, uzalendo ndio utakaolisukuma gari likizima njiani usiku, watoto wakiwa ndani?

Na hao wakali wa nembo, wamewahi kuinama wakasoma namba ya chasisi? Ikianza na J, gari liliundwa Japani. Ikianza na W, Ujerumani. Na Toyota Camry inayotoka kiwanda cha Georgetown, Kentucky, huanza na 4, yaani Marekani. Magari ya Volvo, ambayo watu huapa kuwa ni ya Uswidi, yako chini ya Geely ya China tangu 2010, na Jaguar ni mali ya Tata ya India tangu 2008. Sasa mzalendo atazame nini: nembo, mwenye hisa, au fundi aliyekaza boliti? Nanyi wenzangu, hamjachoka kuulizwa kwa nini hamnunui gari la nyumbani?

Nipeni gari la nyumbani lenye breki za kuaminika, vipuri vinavyopatikana na dhamana isiyokwepwa, nami nitakuwa wa kwanza kwenye foleni. Hadi hapo, anayetaka kunihukumu aje kwanza achangie gharama za gereji.