Lango la Herbertstraße Lilijengwa kwa Ajili ya Nani?

Nimesimama mara tatu mbele ya Herbertstraße mjini Hamburg, Ujerumani, na mara zote tatu sikuingia, kwa kuwa mimi ni mwanamke. Ni kichochoro cha madanguro, ambako wanawake hukaa madirishani wakingoja wateja, chenye urefu wa mita 60 hivi, kinachounganisha Davidstraße na Gerhardstraße katika eneo la St. Pauli, na kila mwisho wake umezibwa kwa kuta za chuma zilizopishana, hivyo anayetaka kuingia hana budi kupenya kwa kujipinda, na aliye nje haoni kitu. Bango linasema kwamba vijana walio chini ya miaka 18 na wanawake hawaruhusiwi. Mara ya mwisho ilikuwa jioni ya mvua. Kundi la watalii lilifika na kiongozi wao. Wanaume wakapenya, wanawake wakabaki wamejikunyata chini ya miamvuli, mmoja wao akitazama saa kila baada ya muda mfupi. Hazikutimia dakika tano, wanaume wakawa wamezunguka kutoka upande wa pili, wakicheka kwa sauti kubwa kuliko jambo lenyewe lilivyostahili.

Kiswahili kina maneno mengi ya kuwaita wanawake wanaofanya kazi humo ndani, na karibu yote ni matusi. Hata lile la mzaha la mitaani Dar es Salaam, dada poa, lina kejeli yake. Mimi nitawaita wanawake wa kichochoro.

Ili kulielewa lango hilo, inafaa kwanza kukumbuka malango mengine, yale ya Hamburg yenyewe, ambayo yalikuwa yakifungwa kila usiku hadi mwisho wa mwaka 1860. Nje ya ngome, kati ya Hamburg na Altona iliyokuwa chini ya mfalme wa Denmark, palikuwa na kilima kilichoitwa Hamburger Berg, na huko ndiko mji ulikosukuma kila ulichokihitaji lakini haukutaka kulala nacho: hospitali ya wagonjwa wa tauni, vibanda vya michezo na ulevi, na wasokota kamba za meli, ambao kazi yao ilidai uwanja mrefu ulionyooka. Jina la Reeperbahn, barabara mashuhuri ya eneo hilo, maana yake ni njia ya wasokota kamba tu. Mwaka 1833 kilima kikapewa jina la mtakatifu, St. Pauli, lakini shughuli zake hazikubadilika. Mabaharia walishuka bandarini wakiwa na mshahara wa miezi kadhaa mfukoni na siku chache za kuutumia. (Kuanzia mwaka 1890 meli za Deutsche Ost-Afrika-Linie zilitoka bandari hiyohiyo kwenda Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar, kwa hiyo kisa hiki hakiko mbali na pwani yetu kama mtu anavyoweza kudhani.)

Sheria ya jinai ya Dola ya Ujerumani ya mwaka 1871 ilikuwa na ndimi mbili. Iliwapa polisi uwezo wa kumsajili mwanamke anayeuza mwili na kumwekea masharti, na aliyeyavunja aliadhibiwa. Papo hapo ilimhesabu mwenye kuendesha danguro kuwa mhalifu. Hamburg, mji wa wafanyabiashara wanaojua kuusoma mkataba hadi kwenye mapengo yake, uliyavumilia madanguro na kuyabana katika mitaa michache iliyoteuliwa. Mwanamke alipimwa na daktari wa serikali kwa lazima. Mwanamume aliyemfuata hakupimwa na mtu. Kichochoro chetu wakati huo kiliitwa Heinrichstraße, na jina la sasa kilipata mwaka 1922. Miaka mitano baadaye, yaani 1927, sheria mpya ya kupambana na magonjwa ya zinaa iliuondoa usajili wa polisi na kupiga marufuku kuwafungia wanawake katika mitaa maalumu. Kwa karatasi, basi, Herbertstraße ilipaswa kufikia kikomo hapo.

Walichokifanya Wanazi mwaka 1933 ndicho kinachonikera kuliko yote. Walipoingia madarakani walitangaza vita dhidi ya uchafu wa mijini, na wanawake wengi wakakamatwa barabarani. Ungetarajia kwamba kichochoro kitafungwa. Badala yake kilizungushiwa kuta za chuma pande zote mbili, na nyuma yake biashara ikaendelea, chini ya macho ya polisi. Serikali iliyohubiri usafi haikutaka biashara ife, ilitaka isionekane. Vita vilipoanza mwaka 1939 unafiki huo ukawa amri ya nchi nzima: wizara ya mambo ya ndani iliagiza madanguro yanayosimamiwa na polisi yaandaliwe, huku mwanamke aliyekwepa usimamizi huo akiweza kupelekwa kwenye kambi ya mateso. Ukuta ule haukujengwa ili kumlinda mwanamke aliyekaa dirishani. Ulijengwa ili mpita njia mwenye heshima zake asilazimike kukiri kwamba anajua.

Wanazi waliondoka mwaka 1945, ukuta ulibaki. Katika miaka ya 1970 likaongezwa bango la kuwakataza wanawake, na hapa hadithi inageuka kwa namna ambayo sikuitarajia, kwa sababu bango hilo linaelezwa kuwa lilitokana na maombi ya wanawake wa kichochoro wenyewe. Walichoka kutazamwa bure kama samaki sokoni. Kisheria bango halina meno, maana barabara ni ya umma, ila mwanamke anayeingia kwa udadisi anaweza kutoka na matusi au amemwagiwa maji.

Kutoka kichochoro hicho ndiko alikotokea Domenica Niehoff, aliyezaliwa Köln mwaka 1945, ambaye katika miaka ya 1980 alijitokeza hadharani na kwenye televisheni kudai kwamba kazi yake itambuliwe kisheria. Baadaye aliiacha, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii akiwasaidia wasichana waliotumia dawa za kulevya. Alifariki mwaka 2009. Sheria aliyoidai ilikuwa imekwisha kuja mwaka 2002, na ikafuatiwa na nyingine mwaka 2017 iliyorudisha usajili wa lazima. Serikali inasema usajili ni kwa ajili ya ulinzi wa wanaofanya kazi hiyo. Huenda ni kweli, lakini anayeijua historia ya daftari la polisi hatashangaa kwamba wengi wameliogopa.

Tarehe 8 Machi 2019 wanaharakati wa Femen, kundi la kutetea wanawake, walilibomoa lango la upande mmoja, wakisema ni ukuta wa aibu. Kuhusu chanzo chake nawaunga mkono kabisa. Hata hivyo, waliokuwa wakifanya kazi nyuma ya ukuta huo hawakuwa wamewatuma, na lango likarudishwa. Mwaka uliofuata, madanguro yalipokuwa yamefungwa kwa miezi kutokana na korona, wanawake wa kichochoro waliwasha taa za madirisha yao mwezi Julai, wakajitokeza barabarani na bango lililosema kwamba kazi kongwe kuliko zote inahitaji msaada. Mwezi Septemba milango ikafunguliwa. Mimi siipendi biashara ile, na sidhani kwamba kila aliye dirishani yupo kwa hiari. Lakini kama lango litaondoka, napenda liondolewe na wale ambao kila siku wanalipita kwenda kazini, na wakiamua libaki, nitaendelea kusimama nje bila kinyongo.

Jioni ile ya mvua kiongozi wa watalii alitumia muda wake wote kusimulia visa vya ndoo za maji, na watu walicheka sana. Mwaka 1933 hakuutaja. Alipouliza kama kuna mwenye swali, yule mwanamke aliyekuwa akitazama saa aliinua mkono, akauliza choo kiko wapi.