Bei ya bastola haiishii dukani

Siku hizi mtu akishapata kibali cha silaha hapa Arusha, swali lake la kwanza huwa moja: achukue Glock, au hizi za Brazil za bei nafuu? Kazunguka serikali ya mtaa, kata, wilaya mpaka polisi, soli zimelika, na hela iliyobaki si nyingi. Mimi huwa namgeuzia swali. Risasi utapata wapi, na kwa shilingi ngapi?

Tunapiga hesabu ya bastola kama ya simu: lipa, weka mfukoni, ondoka. Kumbe kuna leseni ya kulipia kila mwaka, sefu ya kufungia nyumbani, ala ya kuivika bastola kiunoni, mafuta ya kusafishia, na risasi za mazoezi ambazo mwisho wa siku ndizo zinazokula hela kuliko vyote. Fungu lako ukiligawa mara kumi, mimi ningetoa sita kwa bastola na nne kwa hayo mengine. Aliyemaliza lote kwenye jina, kisha hajawahi kupiga hata magazini mbili (kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini) za shabaha, amenunua pambo la kiunoni. Na mapambo hayo tunayaona sana mjini, shati limepandishwa makusudi mtu akikaa mezani.

Kwenye risasi ndiko watu wanakoingizwa mjini. Wauzaji husema "hii ni tisa" kana kwamba tisa zote ni ndugu. Makarov ya Kirusi, iliyopitishwa na jeshi la Kisovieti mwaka 1951, inakula 9x18. Ruger LCP, ile ndogo kama pochi, inakula 9x17, ambayo Wamarekani huiita .380. Glock 19, Taurus G3C na Browning Hi-Power ya wazee zinakula 9x19, risasi aliyoibuni Georg Luger zaidi ya miaka 120 iliyopita na ambayo leo ndiyo ya majeshi na polisi wengi duniani. Namba iliyo baada ya x ni urefu wa ganda kwa milimita, na usidanganyike na hiyo milimita moja: haziingiliani. Ukiwa huna sababu nzito, chukua 9x19. Ina viwanda vingi nyuma yake, kwa hiyo ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kuikuta dukani mwaka huu na miaka kumi ijayo.

Nasema hivyo huku nikiipenda Makarov. Ni chuma kitupu, gramu 730 hivi, risasi nane, haina mambo mengi ya kuharibika. Lakini bastola ambayo kila boksi la risasi unalitafuta kwa kupiga simu Dar es Salaam si ya bei nafuu hata ukipewa bure. Halafu kama unanunua ya mkononi, usipeane hela mgahawani. Silaha haihami mtu kwa mtu bila polisi, na namba iliyochongwa kwenye chuma lazima ioane na ya kwenye karatasi. Mwenyewe akianza kukuambia "karatasi zitafuata", agana naye kwa amani.

Sasa ukubwa. Kosa la wengi ni kukimbilia ndogo kuliko zote. Ruger LCP ina gramu kama 270, unaisahau mfukoni. Kuibeba ni raha, kuipiga ni adhabu. Uzito wa bastola ndio unaomeza mrusho, yaani ule msukumo wa kurudi nyuma ikifyatuka, sasa isiyo na uzito inaumaliza wote kwenye kiganja chako. Kidole kidogo kinakosa pa kushika, na mtutu mfupi hufanya kosa dogo la kulenga liwe kubwa kule mbele. Mtu anapiga tano, mkono unamuuma, hafanyi tena mazoezi. Ya kati ndiyo yenye akili. Glock 19 ina mtutu wa sentimita 10 na risasi 15. Ukitaka nyembamba zaidi, SIG P365 iliyotoka 2018 iliweza kubana risasi 10 kwenye mwili wa unene wa sentimita 2.5 hivi, kitu ambacho Glock 43 ya 2015, yenye risasi sita, haikukifanya. Zote nzuri, na zote zina bei ya kukufanya ukae chini kwanza.

Ndiyo maana Taurus, ile ya Brazil, inaingia kwenye mazungumzo. G3C inabeba risasi 12, mtutu wa sentimita 8 na kitu, na huko Marekani huuzwa karibu nusu ya bei ya Glock 19. Wanaoicheka wana sababu yao: mwaka 2015 kampuni hiyo ilikubali kuimaliza nje ya hukumu kesi ya wateja wa Marekani, waliodai kwamba baadhi ya bastola zake hufyatuka zikianguka. Kwenye orodha ya bastola hizo ilikuwemo PT-111 Millennium. Kwa hiyo Millennium ya zamani mimi siichukui, hata muuzaji alie machozi. G3C ni toleo jingine, na mpya nitaichukua bila aibu, ila haiingii kiunoni kabla sijaipiga risasi mia bila kukwama, zikiwemo za aina ileile nitakayoibeba. Ikikwama mara mbili, inarudi dukani. Huo ndio ubaya wa bei rahisi: upimaji ambao kiwanda cha ghali kimekufanyia, hapa unaufanya mwenyewe.

Ala usiifanyie ubahili. Glock haina sefti ya pembeni ya kubonyeza kwa dole gumba. Kinga zake ziko ndani, na ile unayoigusa iko kwenye triga yenyewe. Kitu chochote kitakachoivuta ile triga, kidole au pindo la shati, bastola inatii. Niliwahi kukaa kwenye ofisi moja ya madalali wa madini karibu na Barabara ya Sokoine, jamaa akainama kuokota kijiwe kilichodondoka chini ya meza, bastola aliyoichomeka tu kwenye mkanda ikateleza ikagonga sakafu. Watu wazima sita tukanyanyua miguu kwa pamoja. Haikufyatuka, na yeye akaiokota, akaifuta na leso, akairudisha palepale. Ala ngumu inayofunika triga yote na kubana mkanda ingemgharimu sehemu ndogo sana ya ile tanzanite aliyokuwa akiisaka sakafuni.

Na tusidanganyane kuhusu inachoweza. Erasto Msuya, tajiri wa tanzanite, aliuawa kwa kumiminiwa risasi wilayani Hai Agosti 2013. Waliojipanga namna hiyo hawazuiwi na kitu cha kiunoni, na kwa biashara zetu kubadili njia na kutotembea na fedha taslimu kunalinda zaidi kuliko Glock yoyote. Siku hizi hela nyingi zinahama kwa simu au benki, tuseme asante.

Mwisho ni mambo ya hali ya hewa, ambayo video za Marekani hazitakwambia. Arusha ya Juni na Julai kila mtu ana jaketi, hata Glock 19 haionekani. Moshi ya Januari ni kitu kingine: shati jepesi, jasho mpaka kiunoni, na bastola nene inajichora kama umebeba kopo. Huko chukua nyembamba, shati la kitenge la kuning'inia nje, na kila jioni toa risasi, hakikisha chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, ni tupu, kisha futa chuma kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Magazini usiisahau, maana ndiyo inayokaa karibu na ngozi, na mara nyingi kutu huanzia kwenye midomo yake, pale risasi inapokaa.